Dondoo muhimu: Mkono usiungue kabla ya usingizi

Propofoli ikitolewa bila kinga yoyote, karibu wagonjwa 6 kati ya 10 husikia mkono ukiunguzwa inapoingia. Wapo wanaoamka baada ya upasuaji wakiyakumbuka maumivu hayo, na mengi yanazuilika.

Anza na mshipa. Vishipa vyembamba vya mgongo wa kiganja ndivyo vinavyouma zaidi. Ukiweza, weka kanula kwenye mshipa mnene ulio ndani ya kiwiko. Damu nyingi ya pale huizimua dawa haraka.

Mshipa huo usipopatikana, tegemea lignokaini. Funga mpira mkononi juu ya kanula, ingiza miligramu 40, subiri dakika 1, fungua, kisha toa propofoli. Usiiruke ile dakika hata kama orodha ya wagonjwa ni ndefu: bila kufunga na kusubiri, lignokaini husombwa na damu kabla haijaufisha ganzi mshipa. Njia ya haraka zaidi ni kuchanganya miligramu 20 kwenye miligramu 200 za propofoli, na mchanganyiko utumike papo hapo. Uliza kwanza kuhusu mzio wa dawa za ganzi. Fentanili kidogo, dakika chache kabla, nayo husaidia.

Mwandae mgonjwa kwa maneno: “Mama, mkono unaweza kuuma kidogo, kisha utalala.” Lakini akilia kwa maumivu, au ukiona ngozi inavimba kando ya kanula, simamisha sindano mara moja, huenda kanula imetoka mshipani.