Safari ya Orlando na Meza ya Desemba

Familia zetu nyingi zilizoko Marekani hukutana na mambo mawili makubwa katika nusu ya pili ya mwaka. Watoto wanadai kupelekwa Disney kule Orlando, Florida, kama wenzao wa shuleni, na mama anataka kuuza kazi za mikono yake kwenye masoko ya msimu wa Krismasi. (Baba naye, kwani wapo wanaochonga na kufuma.) Mambo haya yanatoka mfuko mmoja. Pesa inayolipia tiketi ndiyo ambayo ingenunua vitenge na nyuzi, na wiki inayokwenda kwenye matembezi ndiyo ambayo cherehani ingekuwa inanguruma. Anayeyapanga kila moja kivyake hufika Novemba hana mtaji wala bidhaa. Kwa hiyo yapange kwa kalenda moja, ukianzia na meza ya sokoni, si na safari.

Masoko ya msimu wa sikukuu, yawe ya makanisa, ya shule au ya manispaa, hushika kasi kuanzia Novemba hadi katikati ya Desemba, lakini mengi hupokea maombi ya meza wakati wa kiangazi. Ukisubiri mpaka baridi ianze utaambiwa nafasi zimejaa. Juni na Julai peleka maombi, ukiambatanisha picha safi za kazi zako, zilizopigwa mchana karibu na dirisha, juu ya shuka jeupe lisilo na maua. Waandaaji huchagua kwa macho kabla hawajasoma maelezo yako.

Maombi yakishapelekwa, safiri. Kwa wanaoishi majimbo ya kaskazini ambako shule nyingi hufunguliwa baada ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba, nafasi nzuri ni nusu ya pili ya Agosti. Wakati huo watoto wa Florida wenyewe wamekwisharudi darasani, foleni zinapungua na hoteli nyingi zinashusha bei. Ubaya wake ni joto kali, mvua za radi za alasiri na msimu wa vimbunga, ambao huanza 1 Juni na kwisha 30 Novemba. Lipia hoteli inayokubali kurudisha pesa, hata kama ni ghali kidogo. Ukirudi utakuwa na Septemba na Oktoba nzima za kushona bila kukimbizana.

Kuhusu fedha, wengi wetu tuna njia tunayoijua ya kuchangiana kwa zamu: mchezo kwa watu wa Dar es Salaam, chama kwa Wakenya, likelemba kwa ndugu zetu wa Kongo. Mkianza mzunguko mpya, omba zamu mbili ndogo badala ya moja kubwa, moja ya Julai kwa ajili ya safari na nyingine ya Septemba kwa ajili ya mtaji. Msikope Orlando kwa kutegemea pesa ya Septemba, hata mtoto alie vipi mbele ya duka la wanasesere.

Walt Disney World ina bustani nne kubwa, na kila moja ina lango lake. Magic Kingdom ilifunguliwa 1971, EPCOT 1982, Hollywood Studios 1989 na Animal Kingdom 1998. Tiketi hupangwa kwa tarehe. Mwaka 2025 tiketi ya mtu mzima kwa siku moja ilianzia dola 119 na kupanda hadi dola 199 siku za Krismasi. Mtoto aliye chini ya miaka 3 hahitaji tiketi, wa miaka 3 hadi 9 ana bei yake ndogo kidogo, na kuanzia miaka 10 anahesabiwa mtu mzima. Piga hesabu hiyo kabla ya kumwahidi mtoto chochote. Kwa familia yenye watoto watatu au wanne, siku mbili zilizopangwa vizuri zina raha kuliko siku nne za madeni, na siku ya kupumzika mnaweza kwenda Disney Springs, eneo la maduka na matembezi ambalo halina kiingilio wala ada ya maegesho.

Kama mtachagua bustani moja tu zaidi ya Magic Kingdom, nashauri Animal Kingdom, na sababu yangu ni Harambe. Ndivyo kinavyoitwa kijiji kilichojengwa humo kwa mfano wa miji ya pwani ya Afrika Mashariki, chenye kuta zilizobanduka rangi na matangazo ya Kiswahili. Hapo ndipo mnapopanda gari la Kilimanjaro Safaris kwenda kuona twiga, viboko, simba na tembo halisi. Mtoto aliyezaliwa Minneapolis, ambaye siku zote amekiona Kiswahili kama lugha ya simu za bibi, atakikuta ukutani mbele ya maelfu ya watu, na yeye ndiye atakayewasomea. Nendeni lango linapofunguliwa, maana asubuhi wanyama wanatembea na jua halijachoma. Bustani ile si Afrika, na mzazi anafaa kumweleza mtoto hivyo. Lakini ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo kuhusu Lamu, Mombasa na Bagamoyo.

Mnaruhusiwa kuingia na chakula. Maandazi, chapati zilizokunjwa, mayai ya kuchemsha na matunda vitaokoa pesa nyingi, mradi msibebe vyombo vya kioo wala pombe. Maji ya baridi hutolewa bure kwenye migahawa ya haraka inayouza vinywaji, muulizeni tu mhudumu. Kila bustani ina kituo cha kuhudumia watoto wachanga, chenye sehemu ya kunyonyeshea na kubadilisha nepi, na watoto waliopotea hupelekwa huko. Mwandikie mdogo namba yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika. Wazazi wenye mtoto mfupi asiyeruhusiwa kupanda chombo fulani waombe utaratibu wa kupokezana: mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya.

Mshonaji atatamani kuivalisha familia nzima sare ya kitenge. Afanye hivyo, kwani ni tangazo ambalo halilipiwi na watu watauliza imeshonwa wapi. Mavazi ya kuigiza wahusika wa sinema ndiyo yanayokatazwa kwa mwenye miaka 14 na zaidi. Gauni, shati la kitenge au kanzu si mavazi ya kuigiza. Ila msiuze kitu wala kugawa vipeperushi ndani ya bustani, ni marufuku. Anayevutiwa mtajieni jina la biashara yenu, ataandika mwenyewe kwenye simu yake.

Ndani ya maduka ya Disney jifunze namna ya kuuza. Angalia jinsi vitu vidogo vya bei nafuu vinavyowekwa karibu na mahali pa kulipia, jinsi kila kitu kilivyobandikwa bei ili mnunuzi mwenye haya asilazimike kuuliza, jinsi rangi moja inavyokusanywa pamoja ili ionekane kwa mbali. Animal Kingdom lipo duka liitwalo Mombasa Marketplace. Simama humo robo saa uwatazame wanunuzi badala ya bidhaa, uone wanashika nini kwanza, nini wanakirudisha, nini wanakwenda nacho.

Usichopaswa kuchukua ni picha zao. Kila mwaka wapo wanaorudi na hamu ya kudarizi Mickey kwenye bibu na mikoba, kwa sababu wanajua itauzika. Filamu fupi ya Steamboat Willie ya mwaka 1928 iliingia katika mali ya umma Marekani tarehe 1 Januari 2024, na wengi wamechukua habari hiyo kama ruhusa ya jumla. Sivyo. Kilichoachiwa siku hiyo ni yule Mickey wa mwaka ule. Mickey wa kisasa bado analindwa na hakimiliki, na jina na sura yake vikitumika kama alama ya biashara bado ni vya kampuni. Kitambaa chenye picha zao mara nyingi kina maandishi ukingoni yanayosema ni kwa matumizi binafsi. Mshonee mwanao pajama, usikiweke mezani.

Jambo jingine linatugusa zaidi. Disney iliomba kusajili maneno “Hakuna Matata” kama alama ya biashara ya fulana nchini Marekani mwaka 1994, mwaka ilipotoka sinema yake ya The Lion King, na usajili ukakamilika 2003. Mwaka 2018 watu wengi, Afrika Mashariki na kwingineko, walitia saini ombi la kupinga. Uchungu wao naushiriki, kwa sababu maneno hayo yalikuwa vinywani mwa watu wetu kabla ya sinema. Usajili haukuzuii kuyasema wala kuyavaa, lakini fulana ya kuuza yenye maneno hayo inaweza kukuletea barua ya mawakili, na mjasiriamali wa meza moja hana pesa ya kubishana mahakamani. Misemo ya kanga iko mamia kwa mamia. Chagua humo, au buni wako.

Sasa kazi yenyewe. Kwa nguo na bidhaa nyingi nyingine za kitambaa, sheria ya Marekani inadai lebo inayotaja aina ya nyuzi kwa asilimia, nchi ilikotengenezwa na nani mtengenezaji. Vitu vya watoto vina masharti makali zaidi. Sheria ya usalama wa bidhaa ya mwaka 2008 inahusu kila kinachotengenezwa hasa kwa ajili ya watoto wa miaka 12 kwenda chini, na inaweka kikomo cha madini ya risasi, lebo ya utambulisho na vipimo vya maabara. Pamba, sufu na mbao zisizopakwa kitu hazihitaji kipimo cha risasi, na watengenezaji wadogo wanaweza kujisajili kwa tume ya usalama wa bidhaa ili wapunguziwe baadhi ya vipimo. Mwanasesere wa kitenge mwenye macho ya vifungo au mkufu wa shanga usimuuzie mtoto wa chini ya miaka 3, maana kipande kidogo kinaweza kumkaba koo. Darizi macho kwa uzi. Anayeanza mwaka wake wa kwanza ningemshauri aache kabisa bidhaa za watoto, auze mikoba, vitambaa vya meza, vikapu na hereni.

Wanaoagiza viondo, batiki au vinyago kutoka nyumbani wajue kwamba tangu 29 Agosti 2025 msamaha wa ushuru kwa vifurushi vyenye thamani isiyozidi dola 800 umesitishwa. Ingiza ushuru huo kwenye bei. Mpingo upo kwenye orodha ya kimataifa ya miti inayosimamiwa biashara yake tangu 2017, ingawa vinyago vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa shehena moja vimesamehewa. Pembe za ndovu na magamba ya kasa usiviguse.

Mama au bibi aliyekuja kwa viza ya matembezi asikae nyuma ya meza kuuza. Viza hiyo haimruhusu kufanya kazi wala biashara ya namna hiyo, na anaweza kuharibu safari zake zijazo. Asiye na kibali cha kazi naye amwone mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Mwenye kibali aulize idara ya kodi ya jimbo lake kuhusu kibali cha kukusanya kodi ya mauzo, kwani majimbo mengi yanaidai hata kwa soko la siku moja. Faida halisi ikifika dola 400 kwa mwaka, biashara binafsi inatakiwa itangazwe serikali kuu. Weka kila risiti kwenye bahasha moja, ya zipu na ya uzi pia.

Wengi wanaumia kwenye bei. Tuseme mkoba umekula kitenge cha dola 4, zipu na uzi dola moja na nusu, na saa moja na nusu ya kazi. Ukijilipa dola 15 kwa saa, tayari ni dola 28. Meza ikikugharimu dola 90 na ukatarajia kuuza vitu 45, ongeza dola 2. Kisha kampuni ya malipo ya kadi inakata chake. Ukiuza kwa dola 25 kwa sababu jirani anauza hivyo, umefanya kazi kwa hasara. Dawa si kupandisha bei tu. Kata vitambaa vya mikoba kumi kwa pamoja, shona zipu zote, kisha bitana zote. Muda wa kila mkoba utapungua na bei itakaa sawa. Wanaopendelea kuuza mtandaoni wakumbuke kwamba Etsy hutoza senti 20 kwa kila bidhaa inayoorodheshwa, na asilimia 6.5 ya mauzo, bila kuhesabu gharama za malipo.

Siku ya soko beba chenji ya noti ndogo, kisoma kadi kilichochajiwa, kitambaa cha meza kinachofika chini ili masanduku yajifiche, na kioo kwa wanaojaribu hereni. Inua bidhaa kwa vikapu vilivyopinduliwa zifike usawa wa macho. Simama, usikae ukitazama simu. Mnunuzi akigusa kikapu mwambie kimesukwa kwa nini na wapi, sentensi mbili tu, halafu mwache atazame.

Maagizo maalumu yapokee kwa maandishi, pamoja na malipo ya awali ya nusu, na uweke tarehe ya mwisho ya kuyapokea wiki tatu kabla ya Krismasi. Atakayekuja baada ya hapo mpe kilichopo mezani, au mwandikie jina kwa ajili ya Januari.