Ukihama loji katikati ya mwaka: makato yako na karatasi za kudai

Masika yakishika Karatu, kambi nyingi za mahema hufunga kwa Aprili na Mei, loji hupunguza watu, na mikataba ya msimu huishia Machi. Juni, magari ya watalii yanapoanza tena kujazana langoni Loduare, mpishi aliyekuwa Rhotia tayari yuko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na dereva aliyekuwa kampuni hii anaendesha gari la kampuni ile. Kuhama kazi katikati ya mwaka ni desturi ya kazi ya utalii huku kwetu. Hata hivyo wengi wetu tukipokea slipu ya mshahara tunakimbilia mstari wa mwisho, ule wa fedha ya mkononi, na mistari ya juu yake tunamwachia mhasibu. Mistari hiyo ya juu ndiyo yenye fedha zinazopotea mtu anapohama.

Anza na kalenda. Mwaka wa kodi wa mwajiriwa ni Januari hadi Desemba. Mwaka wa bajeti ya serikali huanza Julai, na mabadiliko ya viwango huanza kutumika tarehe 1 Julai. Ilikuwa hivyo mwaka 2020, kiwango kisichotozwa kodi kilipopandishwa kutoka shilingi 170,000 hadi 270,000 kwa mwezi, na tena mwaka 2021, asilimia 9 ya ngazi ya chini iliposhushwa kuwa 8. Kwa hiyo ukianza kazi mpya Juni na kodi ikabadilika Julai, usimrukie mwajiri kabla hujatazama bajeti imesema nini.

Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2021, hesabu ya mwezi huenda hivi. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi. Kutoka hapo hadi 520,000 unatozwa asilimia 8. Kati ya 520,000 na 760,000 ni 20,000 na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Kati ya 760,000 na milioni moja ni 68,000 na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Juu ya milioni ni 128,000 na asilimia 30 ya kinachozidi milioni. Kuna dhana iliyoenea kwamba ukivuka ngazi mshahara wote unaanza kutozwa asilimia ya juu, na nimesikia watu wakisita kupokea nyongeza kwa ajili hiyo. Si kweli. Asilimia ya juu inagusa kile kipande kilichozidi tu.

Sasa tumchukue mpishi anayelipwa 600,000. Mchango wake wa NSSF ni asilimia 10, yaani 60,000, na huo hutolewa kwanza, kabla ya kodi. Kinachotozwa kodi ni 540,000. Kodi yake ni 20,000 na asilimia 20 ya ile 20,000 iliyozidi, jumla 24,000. Mkononi anabaki na 516,000. Ukikuta kwenye slipu yako PAYE (kodi ya mshahara) ya 36,000 kwa mshahara huohuo, ujue mhasibu amepiga kodi juu ya 600,000 nzima bila kutoa mchango, na kila mwezi unapoteza 12,000. Kosa hili hutokea zaidi kwenye loji ndogo ambako mishahara inaandikwa kwa mkono, na dakika mbili za kikokotoo cha simu zinatosha kulikamata. Mchango wa chama cha wafanyakazi kama CHODAWU, mkopo wa saccos na deni la sare ni makato yanayokuja baada ya kodi, hayapunguzi PAYE hata senti.

Mpishi wetu anamaliza mkataba Machi. Aprili na Mei yuko nyumbani Mang'ola akisaidia shamba la vitunguu. Juni anaanza loji nyingine kwa 800,000. Hapo NSSF ni 80,000, kinachotozwa ni 720,000, kodi ni 60,000, mkononi ni 660,000. Mpaka Desemba atakuwa amekatwa kodi 72,000 kule kwa kwanza na 420,000 kwa mwajiri wa pili. Jumla ni 492,000.

Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, inaweka viwango vya mtu binafsi kwa mapato ya mwaka mzima. Kwa mwaka, 3,240,000 za kwanza hazitozwi, ngazi ya pili huishia 6,240,000, na kodi ya kufikia hapo ni 240,000. Mapato ya mpishi yanayotozwa, kwa miezi yake kumi, ni 6,660,000. Chukua 240,000, ongeza asilimia 20 ya ile 420,000 iliyozidi, unapata 324,000. Amekatwa 492,000. Tofauti ni 168,000.

Tofauti hiyo imetoka kwenye ile miezi miwili ya nyumbani. Mhasibu wa loji ya pili hakokotoi mwaka wa mtu, anakokotoa mwezi, kana kwamba kila mwezi wa mwaka ulikuwa na mshahara. Hajakosea, ndivyo meza ya kodi ya mwezi ilivyo. Kodi inayokatwa kwenye mshahara huhesabiwa kama malipo ya deni lako la mwaka, na kilichozidi deni ni cha kudai kwa TRA, kwa ritani ya mwaka uliopita, ambayo mwisho wake ni 30 Juni, pamoja na maombi ya kurejeshewa. Mwajiriwa mwenye mshahara peke yake kwa kawaida hapeleki ritani, na ndiyo maana fedha hii huwa haimrudii mtu: hakuna anayekuja kumtafuta. TRA watahakiki kabla ya kulipa, na watakachohakiki ni karatasi.

Karatasi yenyewe inaitwa hati ya kodi ya zuio, na sheria inamtaka mwajiri akupe. Anayebaki kazini hupewa ifikapo 30 Januari ya mwaka unaofuata. Anayeacha kazi katikati ya mwaka hupewa ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Ionyeshe jina lako, TIN yako, kipindi ulichofanya kazi, malipo na kodi iliyokatwa. Uingereza mfanyakazi anayeondoka hukabidhiwa P45 na kuipeleka kwa mwajiri mpya, na Kenya kila mwajiriwa anaijua P9 yake kwa sababu ndiyo anayojazia ritani. Kwetu haki hii ipo kwenye sheria ileile inayokukata kodi, ila loji nyingi hazitoi hati mpaka ziombwe, na wafanyakazi wengi hawajui kama inaombwa. Mimi naona hili ndilo jambo la kwanza la kubadilisha, kabla ya kulalamika kwamba kodi ni kubwa.

Iombe kwa maandishi, siku ileile unapokabidhi sare na funguo. Sentensi moja inatosha: “Naomba hati ya kodi iliyozuiwa kwenye mshahara wangu kuanzia Januari hadi Machi mwaka huu, pamoja na slipu zangu za miezi hiyo.” Baki na nakala yenye muhuri au saini ya aliyepokea. Ukiomba Oktoba mhasibu ameshahamia Serengeti, na kambi ya mahema inayofungwa kwa masika hufunga na ofisi yake.

Katika barua hiyohiyo dai vingine vya kuondokea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa malipo ya siku ulizofanya kazi, likizo uliyoilimbikiza, malipo ya notisi kama mwajiri hakukupa notisi, na cheti cha utumishi. Kama mwajiri ndiye aliyekuachisha na ulishatimiza miezi 12, kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Aliyeacha mwenyewe hakipati. Mwajiri akikataa kulipa, dai la fedha hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60, na dai la kuachishwa isivyo halali ndani ya siku 30. Siku hizo huisha upesi sana kwa mtu anayesubiri simu ya meneja.

Malipo haya yote yanatozwa kodi kama mshahara. Yakiingizwa pamoja kwenye mwezi wa mwisho, yanakupandisha ngazi. Mtu wa 600,000 aliyelipwa na likizo na notisi anaweza kuvuka milioni moja mwezi huo, na kila kinachozidi hapo kikakatwa asilimia 30, ngazi ambayo maisha yake yote hajawahi kuifikia. Hajadhulumiwa. Kwa hesabu ya mwaka sehemu ya kodi hiyo inaweza kuwa ya kurudi, hasa kama baada ya hapo alikaa bila kazi. Slipu ya mwezi huo wa mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika, kwa sababu siku inapotoka wewe hupo tena kazini.

Kuna mtego mwingine, wa miezi inayopandana. Sheria inamtambua mwajiri mmoja mkuu. Mwajiri wa pili kwa wakati uleule hukata asilimia 30 moja kwa moja, bila ile 270,000 isiyotozwa. Ukianza loji mpya tarehe 20 wakati ya zamani inakulipa likizo hadi tarehe 30, mpe mhasibu mpya nakala ya barua ya kuacha kazi yenye tarehe, ili usihesabiwe kama mtu mwenye ajira mbili. Kinyume chake nacho kipo: mwezi uliogawanywa nusu kwa waajiri wawili, kila mmoja akakuhesabia 270,000 ya bure, utakatwa kodi ndogo kuliko inavyopaswa. Mtu anayelipwa 400,000 kila upande atakatwa 7,200 mara mbili, wakati 800,000 kwa mwajiri mmoja ingekatwa 60,000. Hicho kilichopungua kitaonekana ukifanya hesabu ya mwaka, kwa hiyo kiweke kwenye mizani kabla hujaenda kudai marejesho.

Wanaotoka loji kwenda utumishi wa umma, iwe Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro au halmashauri, hushtuka kuona PAYE imepanda wakati mshahara ni uleule. Sababu ni mfuko. Tangu mwaka 2018 watumishi wa umma wako PSSSF, ambako mfanyakazi huchangia asilimia 5 na mwajiri 15. Kwa 800,000 mchango ni 40,000 badala ya 80,000, hivyo kinachotozwa kodi kinakuwa 760,000, na kodi inapanda kutoka 60,000 hadi 68,000. Kuna na asilimia 3 ya NHIF, yaani 24,000, ambayo haipunguzi kodi. Mkononi zinabaki 668,000. Kabla ya kuhama hakikisha michango yako yote ya NSSF imeingia. Mwajiri anaweza kukukata miezi sita na kupeleka minne, na ni rahisi kumfuata ukiwa bado unaingia ofisini kwake.

Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, asilimia 15 hukatwa baada ya kodi. Kwa 800,000 ni 120,000, na zile 660,000 za mkononi zinakuwa 540,000. Mwajiri mpya ana wajibu wa kuitaarifu Bodi kwamba amekuajiri, lakini usimtegemee. Miezi ambayo hakuna anayekata haifuti deni, inalisogeza mbele. Mwambie mwajiri kuhusu mkopo wako siku ya kwanza, tena uyaweke makato hayo kwenye bajeti yako kabla ya kukubali mshahara.

Na mshahara wenyewe, wakati wa usaili, usikubali tarakimu ya mkononi peke yake. “Tutakupa laki sita mkononi” ni kauli tamu inayoficha kama kuna mchango wa NSSF, kama kuna kodi inayopelekwa, na likizo yako itahesabiwa juu ya nini. Uliza mshahara kabla ya makato, uandikwe kwenye mkataba. Chakula cha kantini kinachotolewa kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi hakitozwi kodi, kwa hiyo loji ya bondeni inayokulisha milo mitatu ina faida ambayo haionekani kwenye slipu. Posho ya fedha taslimu ya chakula, kwa upande mwingine, inaingia kwenye mapato yako.

Nimalizie na madereva na waongoza watalii wanaoacha ajira ili wafanye kazi kwa safari. Hapo PAYE imekwisha. Kampuni inayokulipa kwa huduma hukata asilimia 5 ya zuio na kukupa hati yake, na kuanzia mwaka huo unawajibika kupeleka ritani, ukijumlisha mishahara ya miezi uliyokuwa umeajiriwa. TIN ni ileile, namba moja ya maisha, ila kama ilikuwa isiyo ya biashara nenda TRA ukabadilishe taarifa zake kabla ya safari ya kwanza. Kila hati ya asilimia 5 unayopewa itapunguza kodi yako ya mwaka, kwa hiyo izoee kuidai palepale unapolipwa, kwa kampuni kubwa na kwa ile ya rafiki yako pia.