Kula kwa Meno ya Bandia

Huenda nyumbani kwako yuko bibi au babu mwenye meno ya bandia. Huenda ni wewe mwenyewe. Meno hayo yalipatikana kwa fedha na kwa safari nyingi za hospitali. Lakini mara nyingi utayakuta yamefungwa katika kitambaa, yako sandukuni. Mwenyewe anakunywa uji asubuhi, mchana na jioni. Ukimwuliza, atakujibu kwamba ameshiba. Hajashiba. Meno yanamwumiza, tena anaona haya kula mbele za watu.

Mzee anayeishi kwa uji mtupu hukonda na kuishiwa nguvu. Mwili wake unahitaji maharage, samaki, mboga na matunda kama mwili wako. Kwa hiyo ni lazima ajifunze kula upya, na jambo hilo huchukua majuma kadhaa.

Kwanza tuone jinsi meno haya yanavyokaa kwa mtu aliyepoteza meno yote. Meno ya asili yana mizizi ndani ya taya. Ya bandia hukaa juu ya ufizi tu. Chukua vipande viwili vya kioo, vilowanishe, kisha vibandike pamoja. Vitashikana. Ndivyo meno ya juu yanavyoshika kwenye kaakaa, kwa msaada wa mate. Meno ya chini hayana nafasi kubwa ya kushika, na ulimi huyasukuma. Ndiyo maana ya chini husumbua zaidi. Kinywa kikikauka, meno hulegea. Basi kunywa maji kidogo kabla ya kula.

Siku za kwanza anza na vyakula laini: viazi vilivyopondwa, ndizi za kupika, mayai, maharage yaliyoiva sana. Ugali uwe laini, na tonge liwe dogo. Karanga zitwangwe, ziungwe kwenye mchicha. Nyama ikatwe vipande vidogo sana kabla ya kupikwa, kisha ichemshwe mpaka ilainike. Dagaa wanaweza kusagwa.

Usitafune upande mmoja. Unajua mzigo wa punda: ukipakia upande mmoja tu, tandiko hupinduka. Gawa chakula kidogo kulia na kidogo kushoto, utafune polepole. Usiume kwa meno ya mbele pia. Ukikalia ncha ya benchi, ncha ya pili huinuka. Na meno ya bandia ni hivyo hivyo. Embe likatwe kwa kisu. Mahindi ya kuchoma yapukuchuliwe, tena yawe machanga. Muwa waachie wajukuu.

Jihadhari na mambo mawili. Kaakaa likifunikwa, halihisi joto vizuri. Chai ya moto inaweza kukuunguza koo kabla hujajua. Vilevile huwezi kuhisi mwiba wa samaki upesi. Samaki achambuliwe kwa vidole, kwenye mwanga.

Ufizi ukiuma, usivumilie na wala usijitibu. Mzee mmoja aliyachukua meno yake akayakwangua kwa tupa, mahali alipoona panabana. Maumivu ya hapo yalipungua, lakini meno hayakushika tena, ikabidi yatengenezwe mengine. Rudi kwa mtaalamu wa meno. Siku ya kwenda, yavae tangu asubuhi, ili aone alama kwenye ufizi mahali yanapobana. Yeye atapunguza hapo tu. Hata meno yaliyokaa vizuri hulegea baada ya miaka, kwa sababu ufizi na taya hunywea. Si kosa lako. Na kidonda cha mdomoni kikizidi majuma 2 bila kupona, nenda hospitali hata kama hakiumi.

Usiku yavue, ufizi upumzike. Yasugue kwa mswaki laini na sabuni, juu ya beseni lenye maji, maana yakianguka sakafuni huvunjika. Usitumie mchanga, majivu wala maji ya moto. Maji ya moto huyapinda. Yalaze katika maji safi, ndani ya kikombe chake chenye kifuniko. Na wewe usilale bila kusafisha ufizi na ulimi.

Sasa neno kwa walio nyumbani. Kwenye sinia moja, mwenye meno ya bandia hushindwa. Yeye yuko kwenye tonge la tatu, vijana wamekwisha nawa. Naye huona haya kusema. Mpakulieni chakula chake katika bakuli, kitoweo kikiwa kimekatwa tayari, lakini aketi pamoja nanyi. Mwacheni ale taratibu. Watoto wasimcheke meno yakigongana. Mlio huo hupungua kadiri anavyozoea.