Tusiwanyang'anye Wazee Jembe

Nataka kuwapa somo nililolipata nyumbani kabla sijalisoma kitabuni.

Babu yangu anakaa kwetu Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, penye mashamba yaliyokatwa ngazi-ngazi milimani. Tangu utoto wangu nilimwona akipanda kilima kila asubuhi kwenda kulima viazi. Mwaka juzi sisi jamaa zake tulifanya shauri, tukasema, "Mzee amefanya kazi ya kutosha, sasa apumzike." Mimi ndiye niliyelificha jembe lake darini. Tulidhani tunamheshimu.

Baada ya mwaka mmoja babu hakuweza kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Daktari alimpima asione ugonjwa. Akatuuliza, "Hutembea?" Tukanyamaza.

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa elimu ya viumbe, nikasoma vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, misuli. Tangu umri wa miaka 30 hivi misuli huanza kupungua kidogo kidogo, na baada ya miaka 60 hupungua zaidi. Asiyeitumia huipoteza upesi. Miguu ikilegea mzee huanguka, na akivunjika nyonga huenda asitembee tena kama zamani.

Pili, moyo. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza na wenzake walitangaza habari za watumishi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kitini siku nzima, na makondakta walipanda na kushuka ngazi. Makondakta hawakupatwa na maradhi ya moyo kwa wingi kama madereva. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009, akiwa na miaka 99.

Tatu, je, mtu akiisha zeeka sana, amechelewa? La. Mwaka 1990 zilitangazwa habari za wazee 10 dhaifu wa Boston, Marekani, wenye miaka 90 hivi. Walizoezwa kuinua vitu vizito kwa miguu muda wa majuma 8. Mmoja hakumaliza, kwa wale 9 waliobaki, nguvu za miguu zilizidi mara mbili na zaidi.

Basi tufanye nini? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima atembee kwa haraka kiasi, au afanye kazi ya namna hiyo, dakika 150 kwa juma au zaidi; yaani nusu saa kwa siku tano. Tena afanye mazoezi ya nguvu siku mbili, na mwenye miaka 65 au zaidi afanye mazoezi ya kutoyumba siku tatu. Aanze polepole, na mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Likizo iliyofuata nililishusha jembe, nikasema, "Babu, nisamehe." Akacheka, "Limeota kutu kama mimi." Hatukuanza na kulima. Alijizoeza kuinuka kitini mara kumi asubuhi na jioni, kisha tukatembea mpaka kisimani. Mwisho wa likizo alipalilia mistari miwili ya maharagwe, bila kushikwa na mtu.

Nanyi ndugu zetu mliokwisha toka shule hii, mnaokaa ofisini mchana kutwa, msingoje uzee. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mkienda kwenu, wasaidieni wazazi kazi zao, lakini msiwanyang'anye zote.