Umeona UFO? Kaa Hapo Hapo! Vidokezo 11 vya Kuchunguza Taa ya Ajabu Angani

Saa nne usiku, kundi la WhatsApp la ukoo limechangamka. Mjomba ametuma video ya taa inayoelea juu ya minazi, binamu anaapa kuwa ni wageni kutoka sayari nyingine, na shangazi ameshaanza kuomba dua. Wewe ufanyeje? Chunguza! Ni kazi tamu, haidai shahada, na vifaa vyake vingi viko tayari mfukoni mwako. Ila tukubaliane jambo moja kabla hatujaanza: aliyesema ameona taa, mara nyingi ameiona kweli. Usishindane na macho ya mjomba. Tunachotafuta ni taa ile ilikuwa ya nini. Haya, twende!

1. Saa na tarehe kwanza, hadithi baadaye

Toa simu, andika tarehe, saa, mahali uliposimama na upande uliokuwa unautazama. Huna muda wa kuandika? Jirekodi sauti. Nusu dakika, umemaliza. Na angalizo kwetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili: saa mbili usiku ya Dar es Salaam au Nairobi ni 20:00 kwenye programu za nyota, na kwenye tovuti zinazotumia saa za kimataifa, UTC, ni 17:00. Ukichanganya hapo, utakagua anga la wakati mwingine kabisa.

Unadhani natia chumvi? Mwaka 1973 Jimmy Carter, wakati huo gavana wa Georgia, alijaza fomu ya kuripoti mwanga aliouona mjini Leary kabla ya mkutano wa Lions Club. Aliandika kuwa ilikuwa Oktoba 1969. Mchunguzi Robert Sheaffer alifuatilia kumbukumbu za klabu, akakuta mkutano ulifanyika tarehe 6 Januari 1969. Miezi tisa nyuma! Jioni hiyo sayari ya Zuhura ilikuwa inang'aa upande ule ule wa magharibi alioutaja Carter. Baadaye wengine wakaja na jibu jingine: wingu la bariamu kutoka roketi ya utafiti iliyorushwa Florida jioni hiyo hiyo. Mabishano yanaendelea, lakini pande zote mbili zimesimama juu ya ile tarehe iliyosahihishwa.

2. Ngumi yako ni kipimo cha kitaalamu

Nyoosha mkono, kunja ngumi. Upana wake angani ni takriban digrii 10. Kidole kidogo ni digrii 1. Mwezi mpevu je? Nusu digrii tu. Kidole chako kidogo kinaufunika wote. (Jaribu, utashangaa.) Basi "ngumi mbili juu ya paa la shule, upande wa machweo" ni ushahidi wa dhahabu, bora kuliko "kilikuwa kikubwa kama basi, mita 50 juu". Gizani, jicho lisilojua umbali wa kitu haliwezi kujua ukubwa wake. Na ukiona mwako kisha ukasikia mlio, hesabu sekunde zilizopita katikati: kila tatu ni kilomita moja hivi.

3. Mshukiwa nambari moja: Zuhura

Ukiacha Jua na Mwezi, hakuna cha kushindana na Zuhura kwa kung'aa. Utaikuta magharibi baada ya machweo au mashariki kabla ya mapambazuko, na ukiwa safarini utaapa kwamba inakufuata. Askari polisi nchini Marekani wamewahi kuifukuza kwa gari! Wenzake ni Mshtarii, nyota ya Sirius, na Suheli, ile ya kusini ambayo mabaharia waliitegemea. Zikiwa chini karibu na upeo, hewa huzifanya zimetemete nyekundu, kijani na buluu kama zina taa za mapambo.

Fanya hivi. Egemeza kichwa ukutani, simama mahali ambapo nguzo au pembe ya paa inagusana na ile taa, kisha subiri dakika tano. Usipofanya hivyo, jicho litakudanganya, maana nukta ya mwanga gizani ikikodolewa sana huonekana kutembea hata kama imetulia. Sasa, taa ikisogea polepole pamoja na nyota za jirani, ni nyota au sayari. Fungua programu ya Stellarium, ielekeze pale, usome jina.

4. Taa zimepanga foleni? Tabasamu

Msururu wa taa zilizonyooka, zinapita kimya bila kuyumba, muda mfupi baada ya machweo au kabla ya mapambazuko: karibu kila mara ni satelaiti za Starlink zilizorushwa siku chache nyuma. Kundi la kwanza, satelaiti 60, lilipaa Mei 2019, na taarifa za "nimeona UFO" zikaanza kumiminika usiku uliofuata.

Taa moja kali, isiyomweka, inayovuka anga kwa dakika chache? Shuku Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kiko takriban kilomita 400 juu na huzunguka dunia kwa dakika 90. Kinaweza kuzimika ghafla katikati ya anga kwa sababu kimeingia kwenye kivuli cha dunia, na hapo ndipo watu hupiga kelele. Tovuti ya Heavens-Above itakupa ratiba ya mtaa wako. Taa ikimweka, yenye nyekundu upande mmoja na kijani upande wa pili, hiyo ni ndege; pitia tovuti ya Flightradar24.

5. Hesabu sekunde, usihesabu madirisha

Kimondo hupita kwa sekunde chache. Mabaki ya roketi yanayorudi duniani hujikokota, yakimeguka vipande vinavyofuatana, na huweza kuonekana kwa dakika moja au zaidi. Kwa hiyo muda peke yake unakupa nusu ya jibu.

Na madirisha? Tarehe 3 Machi 1968 mabaki ya urushaji wa chombo cha Kisovieti, Zond 4, yaliungua juu ya majimbo kadhaa ya Marekani. Baadhi ya walioona walieleza kwa uaminifu mkubwa chombo kirefu chenye umbo la sigara na madirisha yanayotoa mwanga. Hawakusema uongo. Waliona vipande vinavyowaka katika mstari, na akili ikavijazia mwili mweusi katikati. Ndiyo maana mchunguzi mzuri huandika "taa tano kwenye mstari" kabla ya kuandika "chombo".

Tena mabaki haya yanatufikia hata sisi. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likatangaza kuwa ni kipande cha roketi. Kipande kama hicho kikianguka shambani kwako, usikiguse. Weka watu mbali, ita polisi.

6. Fikiria puto

Mabaki yaliyozua gumzo la UFO huko Roswell, New Mexico, mwaka 1947 yalikuwa ya maputo, na siri ilikuwa kazi ya maputo hayo: Mradi wa Mogul, wa kunasa dalili za majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Huku kwetu, mwaka 2020 kampuni ya Loon ilianza kupeleka intaneti Kenya kwa maputo yaliyoelea takriban kilomita 20 juu. Kwa kimo hicho, puto huendelea kumulikwa na jua wakati chini kwako giza limeshaingia. Uliza upepo wa juu ulikuwa unavuma kuelekea wapi. Kitu kimefuata upepo? Umekaribia.

7. Rudi pale pale, saa ile ile

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakuna programu ya simu inayoweza kukufanyia.

Desemba 1980, wanajeshi wa Marekani waliokuwa kambi ya Woodbridge, Suffolk, Uingereza, waliona taa zikishuka kwenye msitu wa Rendlesham. Ilikuwa saa tisa usiku hivi, tarehe 26. Wakaingia msituni, wakaona mwanga unaomweka kati ya miti. Siku mbili baadaye naibu kamanda wa kambi, Luteni Kanali Charles Halt, akaingia na kinasa sauti, na mkanda wake bado upo.

Mwaka 1983 mwandishi wa elimu ya nyota Ian Ridpath alienda kusimama mahali penyewe, usiku, akiongozwa na mtu wa misitu wa eneo lile. Akaona nini? Mwanga unaomweka kati ya miti! Ulikuwa wa mnara wa kuongozea meli wa Orfordness, kilomita chache mbele, ukimweka kila baada ya sekunde tano. Sikiliza mkanda wa Halt ukiwa na saa mkononi: mahali wanapopiga kelele za "ule pale tena", mwachano ni sekunde tano. Zile taa zilizoshuka? Kimondo kikubwa kilionekana kusini mwa Uingereza muda ule ule. Mashimo yaliyodhaniwa ni alama za kutua? Mtu wa misitu alisema ni ya sungura. Halt mwenyewe anakataa kwamba ulikuwa mnara, na ana haki ya kusikilizwa. Lakini mtu aliyetaka kumjibu alipaswa kusimama msituni.

Na bila kuchelewa! Mnara ule ulizimwa 2013 na kubomolewa 2020. Kwa hiyo wewe nenda kesho, saa ile ile. Simama alipokuwa mjomba. Kuna mnara wa simu nyuma ya ile minazi? Taa za wavuvi? Ukumbi wenye taa za sherehe?

8. Mashahidi watano, mazungumzo matano

Usiwaite wote sebuleni. Wakikaa pamoja kwa chai moja, watatoka na hadithi moja. Mfuate kila mmoja peke yake, kwa heshima: "Shikamoo bibi, naomba unisimulie ulichokiona tangu mwanzo." Kisha nyamaza. Usiulize "kilikuwa na miguu mingapi?" kwa sababu umeshampa miguu. Mpe karatasi achore kabla hajaona mchoro wa mwenzake.

Fikiria shule ya Ariel, Ruwa, Zimbabwe. Tarehe 16 Septemba 1994 watoto wapatao 60 walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wao wa michezo. Siku mbili kabla, mabaki ya roketi ya Kirusi yalikuwa yamewaka angani kusini mwa Afrika na mazungumzo ya UFO yalikuwa yamepamba moto. Daktari wa akili John Mack wa Harvard aliwahoji watoto wiki kadhaa baadaye, walipokuwa wameshazungumza wao kwa wao mara nyingi. Kisa hiki kinabishaniwa mpaka leo, na kinachoniuma ni kwamba mahojiano ya mmoja mmoja, siku ile ile, yangetupa kitu kigumu cha kushika.

9. Pengine ni visa viwili

Phoenix, Arizona, 13 Machi 1997. Saa mbili usiku hivi, taa zenye umbo la V zilipita juu ya jimbo. Kijana mmoja aliyezielekezea darubini yake aliona ndege zikiruka kwa mpangilio. Saa nne, safu ya taa ikatanda mbali kusini na kuzimika moja moja. Hizo zilikuwa fataki za kumulikia zilizoangushwa na ndege za kijeshi mazoezini, na zilizimika kwa kushuka nyuma ya milima. Ukivichanganya visa hivi viwili, hakuna jibu litakalotosha. Vigawe, na kila kimoja kitapata jibu lake.

10. Omba faili halisi la video

Video iliyopita kwenye makundi saba imebanwa na kupoteza saa yake. Mwombe aliyerekodi akutumie faili lenyewe. Kisha tazama nyota. Mwaka 2021 ilisambaa video ya jeshi la majini la Marekani yenye pembetatu zinazomweka. Mwaka uliofuata, Scott Bray wa ujasusi wa jeshi hilo aliliambia Bunge kuwa umbo lile lilitokana na jinsi mwanga ulivyopita kwenye kifaa cha kuonea gizani hadi kwenye kamera. Nukta yoyote ya mwanga isiyo kwenye fokasi huchukua umbo la tundu la lenzi!

Kasi nayo hudanganya. Ukiwa ndani ya basi, miti ya karibu hukimbia na ile ya mbali hutulia, na anayekimbia ni wewe. Ndivyo ilivyo kwenye video maarufu ya GoFast, iliyopigwa kutoka ndege ya kivita: jopo la NASA lilikokotoa mwaka 2023 kuwa kile kitu "kinachofyatuka" juu ya bahari kilikuwa takriban kilomita 4 juu, kikienda kama kilomita 64 kwa saa. Kabla ya kupima kasi ya kitu, uliza mpiga picha alikuwa anaenda kasi gani.

11. Fungua mafaili manne

Wafaransa wana ofisi ya kazi hii tangu 1977, ndani ya shirika lao la anga, CNES. Leo inaitwa GEIPAN. Iga mpangilio wao. A: kimetambuliwa bila shaka. B: yaelekea kimetambuliwa. C: taarifa hazitoshi. D: taarifa ni nzuri, na bado hakijulikani. Mtego uko kati ya C na D. Video ya sekunde nne isiyo na tarehe haiingii D hata ikitisha vipi. Hiyo ni C. Mradi wa Blue Book wa jeshi la anga la Marekani, uliofungwa 1969, ulibaki na visa 701 visivyotambulika kati ya 12,618, na 701 hivyo si vyombo 701 vya wageni. Wala usione aibu kuandika D. Ni jibu halali kama A. GEIPAN wenyewe wamewahi kufungua tena majalada ya zamani ya D na kuyahamishia A au B baada ya taarifa kuongezeka. Kwa hiyo andika tarehe ya uchunguzi wako, acha nafasi chini ya ukurasa, na lihifadhi faili mahali utakapolipata mwakani.