Pesa ya kurudishiwa: faida au chambo?

Swali: Tovuti fulani inaahidi kunirudishia pesa nikinunua bidhaa kupitia kwao. Wao wanafaidi nini, na inafaa? – Msomaji, Kondele, Kisumu

Jibu: Duka huilipa tovuti kamisheni kwa kuleta mteja, nayo hukugawia kiasi. Ukinunua blenda ya shilingi 4,000 ukarudishiwa asilimia 2, unapata 80; nauli ya boda ya kufuata mzigo yaweza kuzimeza zote. Kwanza ulizia bei soko la Kibuye. Kisha soma masharti: tovuti nyingi hazilipi mpaka muda wa kurejesha bidhaa upite na ufikishe kiwango walichoweka. Usilimbikize pesa hizo bila kuzitoa: maduka ya Nakumatt yaliporomoka na kadi zao za pointi. Ukiambiwa utume ada kwa M-Pesa ndipo ulipwe, huo ni utapeli. Tumia tovuti hiyo kwa ulichokwisha kupanga kununua tu.