Spana Ipasayo Bolti za Ekseli

Bolti ya ekseli haifunguliwi kwa nguvu tupu. Nambari iliyopigwa katika spana yaweza kumdanganya mtu: katika spana za Whitworth, zilizotumika kwa motokaa za kale za Kiingereza, ni unene wa bolti, katika za Kimarekani ni upana wa nati yenyewe. Hivyo Whitworth ya nusu inchi ina mdomo mpana kuliko nusu inchi. Ya Kimarekani isiyolingana sawasawa na nati hulegea na kuzila pembe zake. Na nati iliyokwisha kuviringana ni vigumu kushikika, na huenda ikabidi kukatwa kwa tindo. Afadhali spana ya ringi, ishikayo pembe zote sita. Kwanza kingamiza gari kwa magogo, jeki haitoshi. Tia mafuta ya taa, ngoja, kisha vuta kwako; ukisukuma, ikiteleza utaumia vidole.